Usimalize Hilo Neno

"Fungua mlango! Najua mke wangu yumo humo!"

Wajdi alikuwa ameacha makreti ya tufaha shambani akakimbia hadi kijiji cha pili. Mama yake alikuwa amemtumia meseji: "Mwanangu, mkeo kapita tena bondeni kwenda kwa yule mzee, na chupa ya asali ya zabibu. Wewe endelea kuchuma tu."

Tena! Akaugonga mlango kwa ngumi.

Mlango ulifunguliwa na mzee Shibli, mpweke wa ndevu nyeupe. Nyuma yake Ibtihal, mke wa Wajdi wa miezi mitatu, ameketi na kibuyu cha chai ya kunyonya kwa mrija mkononi, utadhani yuko kwake.

"Huyu ni nani yako?"

"Alikuwa mume wangu."

"Eti nini?"

"Kabla sijazaliwa, Wajdi. Tangu utotoni naikumbuka nyumba hii. Siku ya kwanza kuja hapa nilimwonyesha mzee nilikoficha ufunguo wa sanduku enzi hizo, ukutani. Ukatoka na kutu yake."

Kwetu sisi Wadruzi, roho ikitoka mwilini inaingia kwa mtoto anayezaliwa. Wajdi aliamini hivyo tangu akiwa mdogo. Ila kumkuta mkeo kwa mumewe wa zamani, aka, hiyo ni habari nyingine.

"Mbona ulinificha?"

"Wewe ungesikia? Juzi umenuna kwa sababu nimemsalimia muuza mkate!"

"Bado unampenda?"

"Nataka anijibu kitu kimoja tu. Kwa nini aliniacha."

Mzee alimtazama Ibtihal, kisha akainamisha kichwa.

"Unaona? Mna siri yenu! Basi, Ibtihal, kuanzia leo wewe—"

Kiganja cha mzee kilimziba mdomo.

"Usimalize hilo neno! Mimi nililimaliza. Niliona viatu vya mwanamume mlangoni, sikuuliza ni vya nani. Kumbe ni vya kaka wa mke wangu, katoka safari. Na kwetu ukishatamka talaka humrudii mkeo, hata mlie machozi ya damu. Akafa kwao kwa huzuni. Nimebaki peke yangu mpaka leo, we mtoto!"

Ibtihal aliangua kilio.

"Viatu tu, Shibli?"

"Viatu tu, binti yangu. Nisamehe."

Wajdi aliingia ndani. Aliketi karibu na mkewe, akamshika mkono, akaogopa hata kumtazama.

"Nisamehe na mimi."

Simu yake ikalia. Mama.

"Vipi, umewafumania?"

"Nimewafumania, mama. Ongeza sahani moja. Tunakuja watatu."