Laptop Iliyoganda Mbele ya Mteja

Mama watoto alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula. Kila asubuhi alifuta makombo, akaweka laptop, akaanza kuchora kuta na milango. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi ya bohari, na tangu hapo mikono ya mkewe ndiyo iliyowalisha wote. Laptop ya zamani ilipokufa, mume alijitolea kwenda dukani peke yake. Alitaka naye aonekane wa maana.

Alirudi na nyingine mpya, nyembamba, inang'aa.

"Hii ni gigabaiti mia tano na kumi na mbili," alisema kwa fahari. "Haitajaa mpaka tuzeeke."

Wiki ya pili, mteja alikuja kuona ramani ya ghorofa yake. Mke alifungua programu ya kuchorea, kisha picha za kiwanja, kisha barua za mteja. Kioo kikaganda. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Mwishowe ikabidi aizime kwa nguvu. Ilipowaka, kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imepotea.

"Mama, mimi nina haraka," mteja alisema, akaondoka.

Mke hakugomba. Heri angegomba! Aliosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa. Kwa siku tatu alimjibu mumewe "ndiyo" na "hapana" tu. Chakula kililiwa kimyakimya, na mume alikimeza kama kokoto.

Siku ya nne mume aliikwapatia laptop, akagonga mlango wa jirani yao, mwanamke fundi wa kompyuta.

"Karibu, shemeji. Mbona uso umekushuka?"

"Dada, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ina mia tano, na bado inaganda!"

Fundi alifungua zile programu, kisha akamwonyesha dirisha dogo lenye namba. "Hebu soma hapa."

"RAM. Asilimia tisini na saba."

"Hiyo mia tano yako ni hifadhi, yaani ghala la mafaili. RAM ni nafasi ya kufanyia kazi uliyoifungua sasa hivi. Wewe bohari unaijua. Ghala likiwa kubwa, lakini pa kupangia mizigo inayotoka ni padogo, kazi itakwenda?"

"Watu watagongana mlangoni."

"Basi ndiyo hayo. Hii ina RAM ya gigabaiti nne tu. Ikiwaka, yenyewe inakula karibu zote."

"Si tuiongezee?"

Fundi alifungua mfuniko wa nyuma, akatikisa kichwa. "Nyingine huongezwa. Hii RAM yake imelehemiwa kwenye bodi, haibadilishwi."

"Muuzaji kanidanganya!"

"Ulimuuliza?"

"Hapana," mume alikiri. Hata nyumbani hakuwa amemuuliza mkewe anatumia programu gani.

"Sasa tuchukue ya ngapi?"

"Anayeandika barua na kusoma habari, nane inamtosha. Mwenzio anachora, na anafungua mambo mengi kwa pamoja. Achukue kumi na sita. Thelathini na mbili waachieni wanaohariri filamu. Kabla ya kulipa, ulizeni kama RAM yake inaongezeka. Na safari hii, nenda naye."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Alimkuta mkewe amekaa mezani, meza tupu.

"Nilikosea," alisema. "Sikukuuliza. Nilitaka nionekane nimefanya jambo."

Mke aliinuka, akachukua mkoba wake. "Vaa viatu, twende."

Laptop mpya waliiuza kwa hasara. Walipata iliyotumika, imechubuka kona moja, yenye RAM kumi na sita. Palepale dukani mke alifungua programu zake zote, akasoma namba mwenyewe. Asilimia sitini. Nyumbani aliiwekea mpango wa kuhifadhi kazi kila baada ya dakika tano.

Mwenye ghorofa alikuwa amekwisha mpa kazi mtu mwingine. Ilikuja kazi ndogo, nyumba ya vyumba viwili ya muuguzi mmoja. Mke alichora asubuhi nzima, na kioo hakikuganda.

"Baba watoto," aliita, bila kugeuka. "Njoo unisomee vipimo."

Mume alivuta kigoda, akashika karatasi.

"Mlango, sentimita tisini."

"Dirisha?"

"Mia na ishirini."