Safu ya Waliojitoa

Harufu ndiyo iliyotangulia: harufu ya chaki iliyoloa, katika nyumba isiyo na chaki. Mama alideki mara mbili. Bibi akasema ni panya. Msichana waliyemwita Profesa, kwa kuwa alikuwa chuo kikuu akisomea hisabati za bima ya maisha, alimshuku mdogo wake wa kiume.

Lakini tusizungukezunguke, balaa alilianzisha mwenyewe. Mhadhiri aliwapa zoezi la jedwali la vifo: safu ya umri, safu ya walio hai, safu ya waliokufa. Akawaonya waanze na watu laki moja wa kubuni, wasithubutu kuweka mtu wanayemjua. Darasa zima likacheka. Profesa, kwa uvivu wa hesabu ndefu, akaweka wanne wa nyumbani kwao: Bibi wa miaka themanini na moja, Mama wa arobaini na sita, yeye na mdogo wake, kila mmoja akimwandikia moja kwenye safu ya walio hai.

Jumatatu akakuta daftarini, kwenye mstari wa Bibi, ile moja ya walio hai imefutwa, pameandikwa sifuri. Kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Umeshika daftari langu?"

"La nini? Hata langu silishiki," mdogo wake akamjibu.

Alhamisi Bibi akafa kitini, chai yake haijapoa.

Msiba ulipokwisha, harufu ikarudi. Jumapili mchana Mama alikuwa uani akianika nguo, na Profesa akafungua daftari, akaiona moja ya Mama inafifia huku anaitazama, akaikoleza kwa kalamu na wino ukazama kama maji mchangani, na kule uani Mama akaanza kukohoa, kikohozi kile kikavu cha mtu anayetafuta pumzi, na kitu kikapumua nyuma ya sikio la Profesa.

"Mwache mama yangu," akanong'ona.

"Umri wake umefika," sauti ikasema, taratibu. "Lazima atoke. Nimpitishe wapi?"

Hapo akakumbuka somo la wiki iliyopita. Mtu hutoka kwenye jedwali kwa njia mbili: kwa kufa, au kwa kujitoa, akavunja mkataba wake wa bima akiwa mzima. "Aliyejitoa yu hai," mhadhiri alisema, "ila sisi hatumhesabu tena." Haraka akachora safu ya nne, waliojitoa, akamwandika Mama humo.

"Sawa," ile sauti ikasema, kama iliyokuwa ikingojea hilo hilo.

Kikohozi kikakoma. Harufu ikaisha. Profesa akalia kwa furaha, akaenda jikoni kujiosha uso. Mdogo wake alikuwa anapakua chakula, sahani mbili.

"Ya Mama je?"

Akamtazama kwa huruma. "Dada, umeanza lini haya? Sisi tumelelewa na Bibi."

Mlango wa uani ukabishwa. "Wanangu, nifungulieni," Mama akaita, sauti safi, haina kikohozi hata kidogo.

Profesa akaelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" mdogo wake akauliza, anatafuna. "Hakuna aliyebisha."

Akafika, akashika komeo. Kubisha kulikuwa kunapungua nguvu, na mkono wake ukasita, kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kujiuliza anamfungulia nani.