Aliyempokea Mzee Hategekimana

Mzee Hategekimana hakuwa na mtu, na wodi nzima ilijua hivyo. Alishushwa mlangoni mwa ile hospitali ndogo ya mtaa wa Katoyi na dereva wa pikipiki aliyemtoa Kibumba, dereva akaenda zake, basi. Kwa hiyo muuguzi Jeanine, alipomaliza kutundika mfuko wa damu na kumwona mama mmoja ameketi kwenye kigoda kando ya mzee, kitenge kimefungwa vizuri, mikono mapajani, alipaswa kujiuliza huyu katoka wapi. Hakujiuliza. Mtu aliyekesha kazini kisha akaunganishiwa na zamu ya mchana hachagui msaada.

Mjini Goma, ndugu anayekaa na mgonjwa huitwa garde-malade. Ndiye anayepika, ndiye anayefua, ndiye anayetazama dripu ya serumu na kupiga kelele ikikaribia kuisha. Vitabu vya shule ya uuguzi havimtambui hata kidogo, lakini wauguzi ni wachache na vitanda vimejaa mpaka sakafuni, kwa hiyo kila muuguzi humwegemezea garde-malade kazi kidogo, kesho kidogo tena, na Mungu husaidia.

Ila damu si serumu. Damu ikianza kuingia, muuguzi hukaa hapo hapo, kwa maana mwili ukitaka kuikataa huikataa mapema. Wala hamwachi mgonjwa mpaka muuguzi mwenzake afike, wasimame wote wawili kitandani, mmoja ataje jina na hali, mwingine ajibu: nimempokea. Makabidhiano hayo wao huyaita remise. Kabla neno hilo halijatamkwa mgonjwa ni wako mbele ya sheria na mbele ya Mungu, na akifa amekufa mikononi mwako. Jeanine aliapa hivyo siku ya kupewa shahada, mama yake, Domitille, akilia kwa furaha kwenye viti vya mbele.

Siku hiyo Émile, muuguzi wa kumpokea, alikuwa amekwama kwenye kizuizi njiani. Macho ya Jeanine yalikuwa yanajifunga yenyewe.

"Mama, nakuachia muzee," alisema. "Akianza kutetemeka, uniite. Niko pale kwa chumba ya pansement."

Yule mama aliinamisha kichwa. "Nimemupokea, munganga."

Garde-malade hasemi hivyo. Husema sawa, au husema aksanti. Jeanine alilisikia neno, na papo hapo kitu kikamtoka mabegani, uchovu na huruma pamoja, akawa mwepesi kuliko alivyowahi kuwa tangu aanze kazi. Akaenda kulala kwenye chumba hicho cha kufungia vidonda, kati ya makatoni ya bandeji. Harufu ya jivu lililomwagiwa maji ilimfuata hadi usingizini.

Hakuna aliyemwita. Émile ndiye aliyemwamsha, jasho likimtoka. Mzee alikuwa amekufa, ameichana shuka kwa vidole vyake, na mfuko wa damu umeingia wote.

"Garde-malade alikuwa wapi?" Jeanine aliuliza.

"Garde-malade gani? Muzee hana mutu."

Mkuu wa wauguzi, Papa Murhula, ambaye wote humwita Titulaire, alikuja akamfunika mzee uso. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyekasirika. "Jeanine, ulikuwa kando yake?"

"Nilikuwa pale, Papa. Mupaka mwisho."

"Basi ni moyo wake tu ndio umechoka," alisema Titulaire, na mambo yakaishia hapo. Mzee akazikwa na watu wa kujitolea wa parokia.

Jeanine alisubiri kulia. Alisubiri jioni ile, akasubiri kesho yake, machozi hayakuja. Sombe ya majani ya mhogo aliyopika Domitille ikawa haina ladha. Aliunguza kiganja kwenye mbabula, jiko la makaa, akabaki akiitazama ngozi inavyovimba, mpaka mama yake alipomvuta mkono kwa nguvu. Domitille, mama wa watu, aliona mtoto wake amepotea angali ameketi sebuleni. Akaita watu wa maombi. Walikuja na gitaa na spika, wakakemea mpaka sauti zikakauka na jirani akaja kulalamika, na Jeanine akasema amina kwa adabu zote. Walikuwa wanamfukuza shetani nyumbani, na shetani mwenyewe alikuwa kazini.

Huko kazini wagonjwa walianza kumsifu mwenzake wa kazi. "Ule mama munayetumikaka naye," mmoja alimwambia, "iko mupole, lakini mikono yake ni baridi sana." Jeanine alimpima homa akapita.

Kisha ikaja remise moja ya asubuhi. Émile alikuwa anamkabidhi wodi, wakitoka kitanda hadi kitanda. Alitaja jina la mgonjwa wa kwanza, na kabla Jeanine hajafumbua mdomo jibu likatoka nyuma yao, taratibu: nimemupokea.

Émile aligeuka. Nyuma yao palikuwa na ukuta na harufu ile ya jivu lenye maji.

"Nani amejibu?" alinong'ona.

"Ni mimi."

"Jeanine, midomo yako haijatikisika."

Wakamaliza vitanda vilivyobaki mbio mbio, na kila kitanda kilijibiwa.

Thérèse, msichana wa Butembo, alijifungua wiki hiyo hiyo, mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Shangazi yake alimwosha mtoto, akamlaza, akatoka kwenda soko la Birere kutafuta vitenge vya bei nafuu. Mchana wa siku hiyo hiyo ya kujifungua mvua ilipiga mabati mpaka watu wakawa hawasikilizani. Jeanine aliingia na kipimo cha presha, akaona kwamba kigoda cha shangazi hakiko wazi.

Yule mama alikuwa ameketi pale, kitenge kile kile, mikono mapajani, akimtazama Thérèse aliyelala kimya mno kwa mtu aliyejifungua salama, midomo imekuwa myeupe, na chini ya godoro tone moja likaanguka sakafuni, likafuatwa na jingine, na Jeanine aliliona, akalielewa, akajua kwa jina ugonjwa wake na dawa yake na dakika zinavyokwenda, akauamuru mkono wake unyanyuke na mkono ukabaki ubavuni kama si wake, akautafuta woga kifuani asiupate, akatafuta hata haraka asiipate, huku damu ikitambaa polepole kwenye saruji kumfuata kwenye viatu vyake.

"Toka," alimwambia yule mama, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliniachia."

"Nilikuachia muzee. Si huyu."

"Haukurudia kumuchukua." Yule mama hakugeuza kichwa. "Wakakuuliza ni nani alikuwa kando yake. Ukasema ni wewe. Lakini mwenye alikuwa pale ni mimi, munganga. Kama mwenye alikuwa pale ni wewe, basi mimi ni wewe. Bagonjwa yako ni yangu. Roho yako ninayo hapa." Akagusa fundo la kitenge chake. "Nenda ulale. Si ulitaka kulala?"

Na kweli usingizi ulimjia Jeanine palepale, mtamu. Angelala. Angelala na kuamka na kusema nilikuwa pale, na Titulaire angesema moyo wake umechoka, na maisha yangeendelea hivyo mpaka uzee. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa kifo kilikuwa cha Thérèse, mtoto wa mwenzake. Alipiga kelele. Hata yeye alishangaa sauti hiyo inatoka wapi.

"Papa Titulaire!"

Papa Murhula alikuja upesi akasimama mlangoni. Wagonjwa wakageuza vichwa.

"Muzee Hategekimana," Jeanine alisema, "nilimuacha. Damu ilikuwa inaingia, na mimi nikaenda kulala. Nilikudanganya."

"Jeanine." Titulaire alishusha sauti. "Nyamaza, mwanangu. Ile ilishaisha. Ukisema hivyo mbele ya batu, watakunyanganya kazi. Watakupeleka kwa hakimu, kwa tribunal. Unaelewa?"

"Naelewa. Alikufa juu yangu, kwa kosa yangu. Si juu ya moyo wake, si juu ya mutu mwingine." Akamgeukia yule mama. "Na huyu anaitwa Thérèse, amezaa leo, anatoka damu. Ni mugonjwa wangu. Nimemupokea mimi."

Ndipo vyote vikamrudia kwa mpigo mmoja. Kiganja kilichoungua kikawaka. Mzee Hategekimana akamrudia, na vidole vyake, na shuka ile. Jeanine akalia kwa sauti, makamasi yakimtoka bila aibu, na mikono yake ikawa ya kwake. Aliruka kitandani, akaweka kiganja juu ya tumbo la Thérèse na kulisugua kwa nguvu, kwa mkono mwingine akavuta sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, iliyokuwa kwenye sinia kando ya kitanda, akaidunga pajani, akasugua tena, akiita jina la msichana yule sikioni mwake. Tumbo likaanza kukaza. Thérèse akakunja uso, akalalamika kwamba anaumizwa, na Jeanine hakuwahi kusikia lalamiko zuri kama lile.

Yule mama akasimama. Alijipangusa kitenge, akaelekea mlangoni bila kinyongo, kama mtu aliyeambiwa foleni yake ni ile nyingine.

Jeanine alimtazama Papa Murhula, akingoja aruke, apige ishara ya msalaba, afanye lolote. Titulaire hakuruka. Alijibana ukutani ili ampishe, bila kumtazama, jinsi mume anavyompisha mkewe kwenye kijia cha nyumba yao.

"Tuende, Mama," alimwambia polepole, na Jeanine akaelewa kwamba na yeye aliwahi kumwachia mgonjwa, na hakurudi kumchukua.

Wakaongozana kuelekea wodi ya watoto. Jeanine aliita Émile, akaita tena, na mvua ikaimeza sauti. Damu ya Thérèse ilikuwa imepungua lakini haijakatika, mkono wake haungeweza kuondoka juu ya tumbo lile, na hapakuwa na mtu wa kumpokea.