Kucha za Mbwa Zitangoja

Kila Jumamosi Kokushubila alidamka, akafagia kliniki ya mifugo ya mama yake pale Mbezi, kisha akawapanga wateja kwenye benchi. Mama yake, Daktari Yuliana, aliacha kazi serikalini mwaka 1993 akajitegemea. Kokushubila, mwanafunzi wa darasa la sita, alijivuna shuleni kwamba mama yake hapumziki tangu asubuhi mpaka magharibi.

Jumamosi hiyo wa kwanza alikuwa Mzee Elibariki na mbwa wawili wa kukatwa kucha. Daktari alikuwa ndiyo kwanza ameshika mkasi, Bi Mwajabu akaingia akihema.

"Daktari mwanangu, ng'ombe wangu kazaa jana, leo hainuki! Masikio ya baridi, shingo kaikunja!"

"Shikamoo bibi. Kaa mwisho wa benchi, kuna foleni," alisema Kokushubila.

Mama akaweka mkasi chini. "Hakai. Niletee mkoba."

"Mie nimefika wa kwanza!" alifoka Mzee Elibariki. "Daktari wa kweli hukaa kazini kwake mpaka jioni."

"Kazi yangu sasa iko kwa Bi Mwajabu, mzee. Kucha zitangoja. Ng'ombe akingoja, atakufa."

Akafunga mlango, akatoka na Kokushubila, wateja wote wakiwatazama.

Zizini kwa Bi Mwajabu, Kokushubila aliinua chupa ya dawa juu, mkono ukimuuma, huku dawa ikiingia polepole kwenye mshipa wa shingo. Ng'ombe akatetemeka, akabeua, akajikongoja mpaka akasimama. Ndama akakimbilia chuchu. Bi Mwajabu akalia.

"Maziwa yake ndiyo yanayowalisha wajukuu zangu."

Kokushubila aliona aibu. Angemwacha bibi huyu kwenye benchi!

Juma lililofuata tangazo lilibandikwa mlangoni: MAHUTUTI KWANZA. KUCHA ZA MBWA NI ALHAMISI. TUNAFUNGA SAA NANE, TUNAKWENDA MAZIZINI.

Mzee Elibariki aliligonga kwa fimbo. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Ni mimi. Shikamoo mzee," alisema Kokushubila.

"Libandue!"

"Silibandui." Akasimama mbele ya tangazo.

Mama alitoka, akasimama kando ya binti yake.

"Haling'oki, mzee. Naweza kukata kucha mpaka jua lizame, na huko nje ng'ombe wa watu wanakufa. Mwanangu, kazi haipimwi kwa saa ulizokaa. Jiulize, nisingekuwepo, kingeharibika nini? Anzia hapo. Mzee, karibu Alhamisi."