Sauti ya Radi

Harufu ya tangawizi ndiyo iliyotangulia. Privatus aliinusa alipofungua kibanda chake cha video pale Mugoma mchana, akajisemea labda mama wa chai jirani kamwaga birika. Hakutaka kukumbuka kwamba Alfonce, mume wa dada yake Tecla, alitafuna tangawizi mbichi kulainisha koo kabla ya kila filamu, na kwamba walishamzika tangu masika.

Watu walijaa hadi mlangoni. Chuma na Radi wamerudi! Mashujaa wa anga za juu, ambao tamthilia yao kila mtu mzima pale aliitazama akiwa mtoto, walikuwa wamekutanishwa tena katika filamu moja. Chuma kaota kitambi, Radi anashika kiuno kabla ya kuruka, lakini ni wao. Na Mugoma mashujaa hao walisema Kiswahili, maana miaka yote Privatus na Alfonce walikaa kando ya skrini, kila mmoja na maiki yake, wakitafsiri papo hapo. Privatus alikuwa Chuma. Alfonce alikuwa Radi.

Leo angefanya sauti zote mbili. Aliwasha mitambo, na mdomo ukajiendea wenyewe, ukauliza lile walilokuwa wakiulizana kila mara kujaribu maiki.

"Upo?"

"Nipo, shemeji."

Watu walicheka, wakidhani kaigiza. Privatus alitazama kiti cha pili. Kilikuwa kitupu, na filamu nzima Radi alisema bila Privatus kufungua mdomo. Nyuma ya watu Tecla alikuwa amesimama, kanga mdomoni, analia.

Tangu siku hiyo Tecla hakula. Maharage yake yaliozea shambani. Kila mchana alikuja kibandani kuomba filamu ileile.

"Ananiita, kaka," alinong'ona. "Anasema huko aliko kuna baridi. Niache niende."

"Uende wapi? Tecla, mimi nimebaki na nani?"

Privatus alikuwa amechanganyikiwa kwa hofu. Sala zilisomwa, hali ikazidi. Mwishowe alimleta Bibi Kwandu, mganga wa upande wa Biharamulo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani aliita?"

"Mimi. Niliuliza 'Upo?' kwa kusahau tu, ni mazoea ya kazi."

"Shemeji yako amelala, mjukuu wangu. Huyu ni jini. Alikuta kiti kitupu, nawe ukamkaribisha."

Wakachoma kiti cha Alfonce na maiki yake nyuma ya kibanda, na ndani ya moto mtu alikohoa. Bibi Kwandu alimshika Privatus mkono kwa nguvu.

"Usimuulize tena mtu yeyote kama yupo. Jini huyo akikusikia, ataitika popote alipo. Umenielewa?"

Alielewa. Tecla akanywa uji, akachana nywele, hata akamtania kaka yake kuhusu kitambi cha Chuma. Privatus alilia kwa furaha kama mtoto.

Kisha mchana mmoja alimpelekea Tecla ndizi nyumbani kwake, akakuta mlango umekomewa kwa ndani, kuku hawajafunguliwa, moshi wa maharage yanayoungua unatoka chini ya bati, na uani kamba ya kuanikia nguo haipo, akagonga, akagonga kwa ngumi zote mbili, akaita Tecla, Tecla, dada yangu, bila kusikia hata kikohozi, akaupiga mlango teke na komeo halikulegea, kichwani hakuna kilichobaki ila ile kamba, na maneno ya Bibi Kwandu aliyakumbuka, aliyakumbuka vizuri kabisa, lakini ni nani angeweza kunyamaza pale, akabandika mdomo kwenye ufa wa mlango akalia, "Tecla, upo?"

Harufu ya tangawizi ikatoka kwenye ufa. Halafu sauti ya Radi, taratibu, karibu kabisa na sikio lake.

"Tupo, shemeji."