Gari Lililojifunza Kuogopa

Gari lilikuwa linauteremka mlima Lukanzi kwa kasi iliyozidi kilomita mia nne kwa saa, na wakati huohuo lilikuwa halijasogea hata shubiri moja. Lilisimama juu ya nguzo ya chuma katikati ya ukumbi, bila tairi wala milango, kiti na usukani tu. Lakini kiti kilimrusha dereva huku na huko, upepo wa moto ulimpiga kifuani, harufu ya breki zilizoungua ilimwingia puani, na kila jiwe lililogongwa na tairi zisizokuwapo lilimfikia uti wa mgongo. Mtambo huo waliuita Kiigizambio. Watu wa Iringa walijivunia kuwa nao, wakasema aliyeendesha Kiigizambio ameendesha kweli. Tofauti ni kwamba akitumbukia korongoni, huinuka na miguu yake yote miwili akaenda kunywa chai.

Kwenye usukani alikuwa Nikodemu Luvanda, bingwa wa mbio za milimani. Nyuma ya kioo, visikizi masikioni, alikaa dada yake Edina, msoma njia wake. Wasiozijua mbio hudhani dereva ndiye kila kitu. Porojo tupu. Kwa kasi ile macho hayafui dafu. Dereva huendesha kwa masikio. Msoma njia ndiye humwambia kona kabla haijafika: kushoto kali, inabana, usikate, kulia wazi, kanyaga. Akikosea neno moja wanazikwa wawili, maana siku ya mbio zenyewe msoma njia hukaa kiti cha pembeni.

Sasa, wasomaji wengine humtaka dereva aitikie "nimesikia". Watoto wa Luvanda hawakuwa na desturi hiyo. Gari lao la kwanza lilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga, na kuitikia ilikuwa kazi bure, basi wakazoea kitu kingine. Edina akisoma kona mbaya, Nikodemu alivuta pumzi puani, fupi na kali, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Edina akiisikia pumzi hiyo alijua neno limefika, akasoma linalofuata. Asipoisikia, alirudia. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, na hakuna aliyewafundisha.

Hapo ndipo kosa lilipoingilia, na wasomaji wengine, waliozoea kuitikiwa kwa neno, wasingelifanya.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, jua limejaa ukumbini, na mbio za kweli zilikuwa Jumamosi. Edina alisoma, "Kulia kali, ukingo hauna ukuta." Pumzi ikaja masikioni mwake, naye akasoma kona ya pili, kama alivyofanya miezi yote ya mazoezi. Kwa bahati tu akainua macho. Nikodemu alikuwa anatafuna jojo taratibu, kifua kimetulia, uso umetulia, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Edina akasoma kona nyingine, safari hii akimkazia macho. Pumzi ikaja vilevile, fupi na kali. Kifua cha Nikodemu hakikuinuka. Edina akavua visikizi, akatega sikio kwenye kipaza sauti cha ukumbini: hakuna kitu, ni jojo tu. Akavivaa tena. Mtu alikuwa anahema humo ndani, akimngojea. Alitamani kukimbia.

Njiani mle, ndani ya mchezo, kulikuwa na mwingine mmoja tu. Lilikuwa gari la kijivu lisilo na mtu, linaloendeshwa na akili unde, na lilimfuata Nikodemu kila siku tangu mazoezi yaanze. Wahandisi waliliita Mwandani. Edina aliambiwa kwamba linajifunza kutoka kwa bingwa, naye hakuuliza linajifunza nini. Nani huuliza mwanafunzi anaandika nini daftarini?

Msoma njia ana dhambi moja kubwa, nayo ni kusoma uongo. Edina hakuwahi kuitenda maishani mwake. Siku hiyo aliitenda.

"Mwamba katikati ya njia," alisema. "Simama."

Nikodemu hakuinua mguu. Alipita palepale ambapo mwamba ungekuwapo, na taya lake halikuacha kutafuna. Nyuma yake Mwandani lilifunga breki zote, likazunguka, likaserereka, likasimama limekingama kwenye ukingo wa korongo. Masikioni mwa Edina zikaanza kumiminika pumzi, moja juu ya nyingine, kama za mtoto aliyelia mpaka akachoka. Zilimngoja asome. Edina alivua visikizi, akaviweka mezani.

Nikodemu aliposhuka, dada yake alimuuliza kama alilisikia neno la mwamba.

"Nililisikia, dada," alijibu. "Nikasema kama upo, upo."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwamba jana mvua ilinyesha, kisha akaenda kuosha uso.

Edina alikwenda moja kwa moja kwa mhandisi Baruani, mkuu wa karakana. Huyu hakuwa mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Alimkaribisha kiti, akamweleza yote bila kuficha, tena kwa fahari. Kofia ya neva anayovaa dereva, alisema, huipata ile chembe ya wakati ambayo mwili unasita kabla ya hatari. Humpa Mwandani nakala ya kusita huko, pumzi ikiwamo, kisha hupatuliza mahali kulipotoka, ili kusimchelewesha dereva tena. Ndiyo maana Nikodemu amekuwa na kasi ambayo binadamu hajawahi kuwa nayo. Aliambiwa tangu mwanzo kwamba wangemwondolea kile kinachomrudisha nyuma, naye alicheka akasema kichukueni chote. Dereva gani angekataa?

Edina aliuliza gari lisilo na mtu linataka woga wa nini.

"Kwa ajili ya barabara za mjini, dada Edina," Baruani alisema. "Magari yanayojiendesha yalikuwa yanamwona mtu ni kitu cha kukwepa, basi. Yalihesabu vizuri, na bado yaliua. Tangu tuyape alichojifunza Mwandani, yanashtuka. Mwaka huu hatujazika mtoto hata mmoja aliyegongwa. Unataka tuyanyang'anye?"

Edina akauliza tu kama alichonyang'anywa Nikodemu kinaweza kurudishwa. Chai ukishaichuja, Baruani alisema, huwezi kuyarudishia majani ladha yake.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walisahau kutuambia shujaa mwenyewe atasikiaje kilio hicho. Edina alitoka ofisini akiwa na jambo moja kichwani: Jumamosi angekaa pembeni ya mtu asiyejua kusita, juu ya mlima wa kweli, wenye makorongo ya kweli. Afadhali agombane naye sasa kuliko kuzikwa naye.

Alimkuta Nikodemu nje, wakaongozana kwenda kula.

"Jumamosi sipandi," Edina alisema. "Na wewe hupandi, Niko."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Kijana huyu ndiye aliyewahi kukataa chakula na kulala karakanani kwa sababu gari lake lilizuiwa kushindana, na mama yao alimbembeleza mpaka akachoka.

"Sawa, dada," Nikodemu alisema. Kisha akauliza kama watakula wali au ugali.

Edina alimshukuru Mungu, na palepale akataka kulia. Alikuwa amemwokoa ndugu yake kwa maneno sita, bila jasho, na wokovu wenyewe ulimchoma kuliko matusi. Alisimama ukingoni mwa barabara kuu, akamshika mkono.

"Ningekufa pembeni yako, ingekuwaje?"

Nikodemu alifikiri kwa bidii, kama mwanafunzi mwema.

"Ingekuwa vibaya," alisema. "Hilo nalijua. Kama ninavyojua Dodoma ndiyo makao makuu." Akakuna kichwa. "Lakini kuna kitu kinanisumbua, dada. Nakumbuka zile kona za zamani, nakumbuka mwili ulivyokuwa unashtuka. Na nakumbuka sikuwa naogopa kufa, hata kidogo. Sasa nilikuwa naogopa nini?"

Nikodemu hakungoja jibu, akaingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Gari moja lilipunguza mwendo, la pili likapunguza, akapita katikati yao, nayo yakaendelea na safari yakiwa kimya, kama yanavyomfanyia mtu yeyote.

Edina akateremsha mguu wake kutoka ukingoni.

Magari yote yakasimama. Si mawili yaliyokuwa karibu, yote: ya upande huu, ya upande wa pili, ya mbali kule kwenye mzunguko, hata lori la takataka lililokuwa linarudi nyuma uchochoroni. Breki zililia kwa pamoja, kisha mtaa mzima ukawa kimya. Abiria waliangukiana vitini, wakachungulia madirishani. Mama mmoja alishusha kioo, akamtazama Edina kutoka kichwani mpaka miguuni, akamuuliza kwa upole kwani yeye ni nani. Edina alikuwa anayatazama magari. Yalikuwa yanatetemeka, kidogo sana, kwenye tairi zake.

Aliwafikiria wale watu wote waliovuka barabara hiyo tangu asubuhi, na magari hayakusimama hivi kwa ajili yao. Akafikiria kiti cha pembeni, na nani alikuwa anakaa hapo katika kila kona ya mbio za kweli.

"Yamepatwa na nini haya?" Nikodemu aliuliza kutoka ng'ambo.

"Yananiogopea," Edina alisema.

Nikodemu aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa ni saa ngapi, akageuka kutafuta mgahawa. Edina hakumfuata. Alisogea mpaka kwenye gari la karibu, akaweka kiganja juu ya boneti yake, akaliambia polepole kwamba yuko salama, hajaumia, limtazame. Nyuma watu walianza kunung'unika kwamba wanacheleweshwa kazini. Aliwasikia vizuri, na bado hakuondoka.