Nyuma ya Mkia

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Nilikuwa karakanani, mikono imejaa grisi, nakaza spoki za baiskeli za kukodisha. Mdogo wangu alikuwa mlangoni akijaza matairi upepo na kuwatania wateja. Biashara ilikuwa yetu sisi wawili, watoto wa mama mmoja. Mimi natengeneza, yeye anawapeleka watu. Bondeni kwetu kuna njia ya changarawe inayofuata mto kwa kilomita ishirini na mbili. Haipiti gari wala pikipiki, na watu wa mjini huja kuendesha humo ili wapumzishe masikio.

Kuna mahali njia hiyo inakatiza shamba la ng'ombe. Mwenye shamba alituruhusu kwa sharti moja: wa mwisho kupita alifunge lango la chini kwa kufuli. Kwa hiyo ufunguo hukaa na mwendeshaji wa nyuma kabisa, ambaye sisi tunamwita mkia. Mkia hampiti mtu wala hamwachi mtu. Nyuma ya mkia hakuna kitu, ndivyo tulivyozoea kuwaambia wateja, na mkia wetu alikuwa mdogo wangu.

Mmoja wa wateja siku hiyo alikuwa mwalimu mstaafu mwenye goti bovu. Kila akitaniwa kwa kuchelewa alijibu, "Mwenda pole hajikwai, wanangu," kisha akashuka kusukuma baiskeli. Mke wake ndiye aliyemleta, akamfunga mwenyewe mkanda wa kofia kidevuni kama anampeleka chekechea. "Mniangalizie huyu mzee wangu," aliniambia. Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Saa nane mchana mawingu yalikuwa meusi upande wa milimani. Nikampigia simu mdogo wangu. Akasema wengine wote wameshavuka lango la chini, yeye yuko hapo anamsubiri mwalimu, aliyemwacha nyuma akipumzisha goti, na mwalimu haonekani.

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kufunga karakana nikalale. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

"Funga lango uje," nilimwambia. "Huyo atakuwa amegeuza kurudi. Tutamsubiri konokono mpaka lini?"

Akafunga.

Mto ulifurika kabla ya saa kumi, ukaifunika njia mpaka langoni. Jioni mke wa mwalimu alipokuja kumuulizia mumewe, mdogo wangu alimwambia kwamba mzee aligeuza mapema, tena aliaga. Mimi nilikuwa kando, spana mkononi. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa sababu ya kichwa hicho walimtafuta upande wa juu usiku kucha. Asubuhi wakamkuta langoni, upande wa ndani, vidole vimeng'ang'ania nondo.

Watu wakasema labda alibadili nia akawafuata wenzake. Hakuna aliyetushuku. Msibani mkewe alitushika mikono, mimi na mdogo wangu, akatushukuru kwa kusaidia kutafuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya mwezi tukafungua tena. Safari ya kwanza tu, mdogo wangu alirudi uso umempauka.

"Dada," alininong'oneza, "kuna mtu nyuma yangu."

"Nyuma yako kuna nani? Wewe ndiye mkia."

"Changarawe inalia. Nikisimama, na yenyewe inasimama. Lakini inachelewa kidogo."

Nikamfokea. Nikamwita mwoga, mwanaume mzima anaogopa mawe. Ukweli ni kwamba sikutaka jina la yule mzee litajwe mle karakanani, na ukali ndiyo njia niliyoijua ya kulizuia.

Jumamosi iliyofuata niliona kwa macho yangu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Kutoka barazani nakiona kipande chote cha mwisho cha njia, kimenyooka. Wateja wakaingia mmoja mmoja. Mdogo wangu akawa wa mwisho. Nyuma yake, hatua kama kumi, vumbi jembamba lilikuwa linanyanyuka. Likatulia. Likanyanyuka tena, polepole, kama la mtu anayesukuma baiskeli. Pampu ikanidondoka.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimeona vumbi."

"Nakwenda kumwambia mke wake."

"Ukisema, tutafungwa wote wawili."

"Mficha maradhi, dada..." Hakumalizia. Mimi nikainama kuokota pampu.

Aliponiomba nimsindikize langoni nilikubali, maana nilidhani ndivyo atakavyosahau habari za kwenda kwa mjane. "Anataka kufunguliwa tu," alisema. "Nikimfungulia, atapita." Tukaenda siku ya kazi, saa tatu asubuhi, bila wateja. Mto ulikuwa umepungua, maji ya kifundo cha mguu. Alifungua kufuli, akaniwekea kiganjani pamoja na ufunguo.

"Simama hapa. Usifunge mpaka turudi."

Turudi. Nililisikia neno hilo vizuri sana.

Akaingia kwa miguu, akapotelea kwenye kona. Nikamsikia anaita, kwa adabu, kama mwanafunzi. "Mwalimu, njoo. Liko wazi."

Kisha changarawe ikalia. Watu wawili. Mmoja anaburuta mguu. Wanakuja.

Nikatazama njia. Ilikuwa tupu.

Hatua zikakaribia. Vijiwe vilikuwa vinaruka vyenyewe. Harufu ya tope ikanijaa puani. Hatua kumi. Tano. Mikono yangu ilifanya kabla sijaiambia. Nikasukuma lango. Nikabana kufuli.

"Dada."

Sauti ya mdogo wangu. Pale pale, upande wa pili wa nondo, karibu na sikio langu. Haikuwa na hasira.

"Dada, fungua."

Nilikuwa natazama pale sauti inakotoka. Hapakuwa na mtu.

Nikakimbia.

Nilirudi na watu kabla saa haijaisha. Lango lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Waliupekua mto wiki nzima, maji ambayo mtoto angeyavuka, na hawakupata hata kiatu. Niliwaambia aliingia akachelewa kutoka. Habari ya kumfungia sikuitaja. Walipouliza kama nililifunga lango wakati wa kuja kuwaita, niliitikia kwa kichwa, mara ya pili.

Siku ya tisa nilishindwa kula, nikashindwa kukaa. Nikaenda kwa mjane. Nilikuwa sijabisha hodi sawasawa alipofungua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe mdogo wako amerudi! Umepishana naye. Ametoka sasa hivi."

Nilishika fremu ya mlango. "Mdogo wangu?"

"Amekaa hapa tangu asubuhi. Ameniambia yote. Alivyofunga, alivyonidanganya." Akajifuta na ncha ya kanga. "Nikamuuliza na dada yake je? Akasema yake ameshayasema, yako utakuja kuyasema mwenyewe."

Nikayasema. Nikamwambia nilimfunga mume wake kwa mdomo wangu na mdogo wangu kwa mkono wangu, na mara zote mbili nilijua kuna mtu ndani. Nililia mpaka sauti ikakauka. Hakusema amenisamehe. Hakunifukuza pia. Alivuta kiti chake cha karibu na mlango, akaketi kwa uzito, akaniambia na mimi nikae.

"Mama," nilimuuliza, "alikuja na nani?"

"Peke yake. Kwani angekuja na nani?"

Sebule ile ilikuwa na viti vingine viwili tu, vimewekwa sambamba ukutani. Mito ya kukalia ya vyote viwili ilikuwa imelowa chapachapa, na maji ya tope yalikuwa bado yanadondoka sakafuni. Nikabaki nimesimama.